Tex-Mex ya bei nafuu Houston: nimpeleke wapi shangazi yangu?

Binti Sharpstown aliuliza:

Habari za leo ndugu zangu wa Houston. Naomba ushauri wa anayelijua jiji hili kwa kula, maana mimi jioni zangu zote huishia kazini.

Shangazi yangu yuko kwetu, amekuja kututembelea. Kila tukipita Westheimer au Bellaire anaona mabango ya Tex-Mex na kuniuliza hicho ni chakula cha namna gani, mbona kiko kila kona. Mimi najua tu ni chakula cha Texas chenye asili ya Meksiko. Nimemwahidi ataonja kabla hajaondoka. Tutakuwa wanane: shangazi, mimi na mume wangu, wifi yangu, na watoto wanne ambao wamefunga shule. Nina dola 160, na humo humo kodi na bakshishi viwemo. Sitafuti mahali pa kuvalia suti wala pa kunyamazisha watoto. Nataka pa kawaida, meza kubwa, chakula cha moto, watu wanaongea.

Mambo mawili yananisumbua. La kwanza, shangazi hali nguruwe, na haitoshi kumwambia kwamba kwenye sahani hakuna nyama yake. Hata mafuta yake hayagusi. La pili ni bei. Majuzi tulisimama kwenye mgahawa mmoja mkubwa kando ya barabara kuu, tukasoma menyu mlangoni, na fajita, ile nyama ya kuchomwa, ya watu wawili peke yake ingemeza theluthi nzima ya pesa yangu. Tukageuza gari. Halafu shangazi hawezi pilipili kali. Nipeni majina, na mniambie tuagize nini. Tulikuwa tunafikiria Jumamosi jioni.

Dereva wa 59:

Dada, mimi ningewapeleka Chuy's bila kusita. Ina matawi mengi, ilianzia Austin mwaka 1982, na menyu unaisoma ukiwa nyumbani, unapiga hesabu zako kabla hujawasha gari. Sahani zimejaa, kuta zimepambwa kwa kila rangi, watoto hawachoki kuangalia. Burito moja, ile chapati kubwa iliyokunjwa na kujazwa chakula, huwa tunagawana mimi na mke wangu na tunashiba. Ila Jumamosi jioni jiandaeni kusubiri meza.

Jiko la Nyuma:

Dada Sharpstown, mimi nimefanya kazi katika majiko ya Tex-Mex hapa Houston kwa miaka mingi, kuanzia kwenye sinki la vyombo hadi kwenye bati la kuchomea nyama, na chakula hiki nakipenda kwa dhati. Kwa hiyo univumilie, nitaandika kirefu.

Nianze na fajita, kwa kuwa ndiyo iliyowageuza mlangoni. Nyama ya asili ya fajita ni kiwambo, ule ukanda mwembamba ulio chini ya mbavu za ng'ombe. Zamani kwenye ranchi za Texas ya kusini wachunga ng'ombe walipewa kipande hicho kama sehemu ya ujira wao, kwa sababu wenye mali hawakukitaka. Wakakichoma juu ya moto wa kuni, wakakikata vipande na kukila na tortila, yaani chapati nyembamba ya mahindi au ya ngano. Mpaka hapo kilikuwa chakula cha mtu asiye na pesa. Kuanzia miaka ya 1970 migahawa ikakigundua, kila mtu akakitaka, na kwa kuwa ng'ombe mmoja ana kiwambo kidogo tu, bei ikapanda na haijashuka tena. Ukiona sahani ya chuma inapita inatoa moshi na mlio, unalipia nyama adimu, tena mara nyingi kwa nusu ratili au ratili nzima. Ni tamu sana, sikatai. Lakini kwa watu wanane wenye dola 160, fajita isiwe chakula cha meza nzima.

Moyo wa Tex-Mex, kwa jinsi ninavyouelewa mimi, uko kwenye sahani ya mchanganyiko: enchilada mbili au tatu (tortila zilizojazwa, zikakunjwa na kumwagiwa rojo), pengine na taco moja, yaani tortila kavu iliyokunjwa na kutiwa nyama, wali mwekundu na maharage yaliyopondwa. Kwenye menyu za zamani sahani hizi hupewa namba tu. Ni za bei ya chini kuliko karibu kila kitu kingine, na ndizo zinazompima mpishi. Mkaribishe shangazi kwa enchilada ya jibini yenye rojo ya pilipili. Rojo hiyo huanza kwa unga wa ngano unaokaangwa ndani ya mafuta mpaka ubadilike rangi, kisha pilipili ya unga, kitunguu saumu, bizari nyembamba kwa wingi, halafu supu, na kila kitu kinachemka polepole hadi kiwe kizito na cha kahawia iliyokolea. Pilipili yenyewe ni ile nyekundu iliyokaushwa ambayo ina harufu na rangi kuliko ukali, kwa hiyo hofu ya shangazi iondoe. Atakachokisikia kwanza ni bizari, na hiyo anaijua vizuri kuliko Wamarekani wengi. Ukali uko kwenye salsa, ule mchuzi wa nyanya na pilipili, na kwenye pilipili mbichi za kijani, na hivyo vyote huletwa pembeni.

Jinsi ya kujua kama jiko linajali: tortila ya mahindi ndani ya enchilada iwe laini lakini isiyeyuke. Hupitishwa kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache kabla ya kukunjwa, na jiko linaloruka hatua hiyo hukuletea uji wa mahindi chini ya jibini. Rojo isikae juu kama ngozi. Wali uwe umechambuka. Na tortila ya ngano, ile inayofanana na chapati isiyo na tabaka, iletwe ya moto, ikiwa na mabaka ya kuungua huku na huku. Mahali wanapozitengeneza wenyewe mara nyingi utamwona mtu akizisukuma karibu na mlango, au mashine ikizunguka. Hilo kwangu lina uzito kuliko mapambo ya ukutani, ingawa namheshimu sana Dereva kwa jibu lake.

Sasa mafuta ya nguruwe, na hapa naomba usome taratibu. Maharage yaliyopondwa kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Si kila mahali siku hizi. Majiko mengi yamehamia mafuta ya mimea, lakini huwezi kujua kwa kuangalia. Tortila za ngano nazo zinaweza kuwa na mafuta hayo ndani ya unga. Maharage ya mchuzi, yale mazima kwenye bakuli dogo, karibu kila mara yana vipande vya bekoni, hayo yaacheni kabisa. Tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi vyenye nyama ndani, ziacheni pia: unga wake kwa desturi hukandwa kwa mafuta hayo na nyama ya ndani mara nyingi ni nguruwe. Wali mara nyingi hupikwa kwa supu ya kuku. Rojo inaweza kuanza kwa mafuta yoyote, kwa hiyo nayo iulizie.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye tofauti. Ukimwuliza mhudumu kama kuna nguruwe kwenye maharage, atakujibu hakuna, naye anasema kweli kwa anavyoelewa, kwa sababu anafikiria vipande vya nyama. Uliza hivi: maharage mnayakaanga kwa mafuta gani? Tortila za ngano zina mafuta gani? Rojo je? Taja manteca, yaani mafuta ya nguruwe kwa Kihispania, neno hilo jikoni kila mtu analijua. Na piga simu kati ya saa nane na saa kumi alasiri, msongamano wa mchana ukiwa umepita na wa jioni haujaanza. Saa hizo mhudumu ana nafasi ya kuingia jikoni na kumwuliza mpishi. Ukiuliza saa moja jioni atakisia.

Hesabu yako. Kodi ya mauzo hapa Houston ni asilimia 8.25. Bakshishi weka asilimia 18, wala usiipunguze: sheria inamruhusu mwajiri wa Texas kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, na bakshishi ndiyo inayojaza pengo. Kwa meza kubwa kama yenu migahawa mingi huiandika yenyewe kwenye bili, kwa hiyo soma bili vizuri usije ukalipa mara mbili. Ukitoa hivyo viwili, chakula chenyewe kisizidi dola 126. Ni chini kidogo ya dola 16 kwa kila mtu, na kwa kuwa sahani za watoto ni za bei ndogo, watu wazima mna nafasi ya kupumua. Kinachovunja hesabu huwa ni vinywaji. Soda nane peke yake zinaweza kula zaidi ya dola 20. Agizeni maji ya barafu na ndimu, hayo ni bure. Kikapu cha chipsi za tortila na salsa mara nyingi huletwa bure na kujazwa tena, lakini jibini ya kuyeyushwa, ile queso, unailipia, na guacamole, parachichi lililopondwa, pia.

Kama siku inabadilika, badilini. Jumamosi jioni ni saa ya bei ya juu na foleni ndefu. Nyumba nyingi za Tex-Mex zina sahani za mchana za bei ya chini, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tano asubuhi. Watoto wamefunga shule, basi nendeni Alhamisi saa tano na nusu. Ijumaa sikushauri, mtabanwa na swala.

Majina sasa. Kwa mnakotokea, ningeanza na Molina's Cantina. Ipo Houston tangu 1941, bado iko mikononi mwa familia ile ile, na inapika Tex-Mex ya kizamani bila aibu: jibini ya njano, rojo, kitunguu kibichi juu. Ina mgahawa Bellaire Boulevard, kwa hiyo kutoka Sharpstown mnanyoosha tu.

Jina la pili ni la historia. Kule upande wa mashariki, barabara ya Navigation, kuna Ninfa's ya kwanza kabisa. Mama Ninfa Laurenzo alifiwa na mumewe mwaka 1969, akabaki na watoto na kiwanda kidogo cha tortila ambacho hakikuwa kinaenda vizuri. Mwaka 1973 akaweka meza kumi sehemu ya mbele ya kiwanda hicho akaanza kuuza taco za nyama ya kuchomwa. Nyama ile ndiyo ilikuja kuifanya Houston yote ipende fajita. Jengo bado lipo na chakula ni kizuri sana, ila si pa bei ya chini zaidi. Mkienda huko nendeni mchana, agizeni sahani moja ya fajita iwekwe katikati kila mtu aonje, zilizobaki ziwe enchilada.

Pappasito's na El Tiempo zina chakula kitamu, watu watakutajia, lakini kwa bajeti hii ziacheni.

Mama wa Alief:

Shangazi akaribie Texas! Mimi naongeza la watoto. Baadhi ya matawi ya Lupe Tortilla yana kiwanja cha mchanga, watoto wanacheza huku mnawaona mkiwa mezani. Kwa mwenye wanne hilo ni pumziko kubwa. Fajita zao za ndimu na pilipili manga zinasifika lakini ni ghali kiasi, kwa hiyo yale aliyosema kaka wa jikoni kuhusu kugawana yanahusika hapo pia.

Swali kwako dada: shangazi anakula nyama isiyochinjwa kihalali? Sisi tukitoka kula Tex-Mex nyama huwa tunaiacha kabisa. Enchilada za jibini, za mchicha, au kamba waliochomwa. Kamba wana bei, lakini mtu mmoja tu akiwaagiza haiumizi. Waambie bati la kuchomea walifute kwanza, au kamba wapikwe kwenye kikaango chao peke yake. Wanakubali ukisema kwa upole mwanzoni wakati wa kuagiza, si chakula kikishafika.

Binti Sharpstown:

Mama wa Alief, Mungu akubariki, hapo umegusa penyewe. Nyama hatakula kama hajui imechinjwaje. Jibini, mchicha na kamba vyote anapenda. Nitamwambia kuhusu bizari, najua atafurahi.

Njia ya Airline:

Samahani nikiwavuruga, lakini kwa nini mnampeleka mgeni kwenye chakula cha jibini ya njano? Nendeni Airline Drive au Long Point, taqueria, vile vimgahawa vya taco, zimejaa, taco za tortila ya mahindi zenye nyama, kitunguu na kotimiri, mtu anashiba kwa dola 10 au chini yake. Hicho ndicho chakula cha Meksiko chenyewe. Tex-Mex ni kitu cha Wamarekani cha kuigiza.

Jiko la Nyuma:

Airline na Long Point napaheshimu, na nakula huko. Kwa mwenye pesa kidogo na anayekula nyama, ushauri wako ni mzuri. Ila shangazi huyu nyama hali, na taqueria bila nyama inabaki na mambo machache ya kumpa mgeni.

La kuigiza ndilo siwezi kuliacha lipite. Texas ilikuwa Meksiko mpaka 1836, na ikaingia Marekani mwaka 1845. Kuna familia ambazo hazikuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliowahama. Wale watu waliendelea kupika na walichokipata madukani: ngano, nyama ya ng'ombe kwa wingi, na jibini ya njano. Katika viwanja vya San Antonio, tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1930, wanawake walikuwa wakiwasha taa jioni, wanapanga meza ndefu na kuuza mchuzi wa nyama na pilipili kwa yeyote aliyepita, tajiri na mbeba mizigo kwenye benchi moja. Katika miaka ya 1890, William Gebhardt wa New Braunfels, Mjerumani, akaanza kuuza pilipili ya unga iliyokwisha kuchanganywa na viungo, na ladha ile ya pilipili na bizari ndiyo unayoikuta kwenye rojo hadi leo. Chakula chenye wenyewe, na mahali pake, na miaka zaidi ya mia, hakiwezi kuitwa cha kuigiza kwa sababu tu hakipikwi hivyo Oaxaca, kule Meksiko.

Na hapa Houston nyumba hizi zilifanya zaidi ya kulisha. Felix Tijerina, mwenye migahawa iliyobeba jina lake, alianzisha mwaka 1957 mpango wa kuwafundisha watoto wanaozungumza Kihispania maneno 400 ya msingi ya Kiingereza kabla hawajaingia darasa la kwanza, ili wasiachwe nyuma siku ya kwanza. Serikali ya Texas baadaye ikauchukua na kuueneza. Sisi tuliopeleka watoto shule hapa wakiwa na Kiswahili tu mdomoni tunajua maana ya jambo kama hilo. Mgahawa wake wa Westheimer ulifungwa 2008, na kila nyumba ya aina hiyo inapofungwa mimi huumia, ndiyo maana nasema tukale kwenye zilizobaki.

Njia ya Airline:

Habari za Tijerina sikuwahi kuzisikia. Nimekuelewa kaka. Dada, bado nasema siku nyingine mkiwa wawili tu na mumeo, pitieni Long Point.

Binti Sharpstown:

Basi nimeamua. Siku ni Alhamisi, saa tano na nusu. Kesho saa tisa alasiri nawapigia Molina's ya Bellaire, nauliza mafuta ya maharage, ya tortila na ya rojo, na supu ya rojo ni ya nini. Wakinijibu vizuri tunakwenda hapo. Wakisema manteca, shangazi atakula kamba bila wali, maana wali una supu ya kuku, au nitapiga mahali pengine. Ninfa's nitampeleka siku ya mwisho, mimi na yeye tu, kwa ajili ya ile habari ya meza kumi. Yeye naye alifiwa mapema na akalea kwa kuuza mandazi, atapenda kuingia pale.

Swali langu la mwisho: enchilada za mchicha huwa na rojo ile ile?

Jiko la Nyuma:

Hapana dada. Za mchicha mara nyingi huja na rojo nyeupe ya maziwa au salsa ya kijani. Ya kijani inaweza kuwa kali, mwombe mhudumu akuletee kijiko uionje kwanza. Na oda ya watoto itangulie, watu wazima mnaweza kungoja na chipsi.